Mwizi wa Barua Asiyeweza Kuifungua

Tuseme kwamba mtu ameiba kijisanduku cha barua katika mkoba wa tarishi. Kijisanduku ni cha chuma, kimefungwa kwa kufuli madhubuti, na ufunguo hana. Ajaribu kukifungua, ashindwa. Hata hivyo hakitupi wala hakirudishi, bali akiweka darini, akijisemea moyoni kwamba siku moja atatokea fundi awezaye kufungua kila kufuli, na siku hiyo atayasoma yaliyomo. Basi twauliza: Mtu huyu ametenda kosa gani, tena lini? Siku ile alipokichukua, au siku ile atakapokifungua? Na akifa kabla fundi huyo hajatokea, je, aweza kusema mbele ya Mungu kwamba hakugusa siri ya mtu?

Wasomaji wapenzi, swali hili lasikika kama mfano wa kuwazoeza vijana wa seminari kupima mambo ya dhamiri. Walakini siku hizi si mfano tena. Barua zinazochukuliwa ni za watu walio hai, kufuli ni hesabu, dari ni ghala za kompyuta, na fundi anayengojewa ni mashine ya namna mpya iitwayo kompyuta ya kwantamu. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu, kwa kukumbuka miaka 100 tangu misingi ya elimu hiyo ilipowekwa, na mengi yalisemwa juu ya faida zake. Sisi hatuna neno baya juu ya elimu yenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha wazi kwamba vitu vilivyoumbwa vina sheria zake, na kwamba mwenye kuzichunguza kwa unyofu aongozwa na mkono wa Muumba hata asipojua. Lakini mara nyingi elimu mpya huleta swali la kale katika vazi jipya. Swali la leo ni hili la siri na uaminifu.

Kufuli la hesabu

Ili tuelewane, yafaa kwanza tueleze kufuli hili ni la namna gani. Twaa namba mbili, 61 na 53, ambazo hazigawanyiki kwa namba nyingine ila kwa moja na kwa zenyewe. Ukizizidisha wapata 3,233. Mtoto wa shule aiweza kazi hiyo kwa kalamu na karatasi. Sasa igeuze kazi: mpe mtoto yule yule namba 3,233, umwulize imezaliwa na namba zipi mbili. Hapo atajaribu moja baada ya nyingine mpaka achoke. Kuzidisha ni kama kuusukuma mlango ukajifunga. Kurudi nyuma ni kama kuufungua bila ufunguo.

Mwaka 1977 wataalamu watatu wa chuo cha MIT huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walilitumia jambo hili dogo kutengeneza kufuli la maandishi. Namba inayotumiwa mara nyingi katika kufuli lao leo ina tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti walifaulu kuigawanya namba moja ya tarakimu 250, wakiunganisha nguvu za kompyuta nyingi. Kazi hiyo ingefanywa na kiini kimoja tu cha kompyuta, ingechukua kama miaka 2,700. Kwa namba ya tarakimu 617 hakuna ajuaye kufanya hivyo kwa kompyuta za kawaida. Chini ya kufuli hili, na mengine yaliyo ndugu zake, zimepita kwa miaka mingi barua za serikali, fedha za benki, habari za wagonjwa, na maneno ya mume na mke walioachana kwa safari.

Lakini mwaka 1994 Peter Shor, mwanahesabu wa Marekani, alionyesha kwamba kompyuta iliyojengwa kwa kufuata tabia za vitu vidogo kabisa, kama vile atomu na chembe za nuru, ingeweza kuzigawanya namba hizo kubwa kwa muda mfupi. Kompyuta yenye nguvu za kutosha kufanya hivyo haijapatikana. Mwezi wa Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza kifaa chenye viini 105 vya kuhesabia vya namna hiyo, viitwavyo kyubiti. Mwaka 2019 wataalamu wawili walikadiria kwamba kulifungua kufuli la tarakimu 617 kungehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 mmoja wao, Craig Gidney wa kampuni hiyo hiyo, alikadiria upya, akasema kwamba pungufu ya milioni moja zingetosha, tena kwa muda usiofika wiki moja. Kutoka 105 hata karibu na milioni moja ni mbali sana. Mlima haujapandwa, lakini kilele chake kimeshuka.

Saburi ya mwizi

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Maandishi yaliyofungwa hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na katika hewa tunayovuta. Mwenye vyombo aweza kuchukua nakala zake akaziweka, ingawa leo hawezi kusoma hata neno moja. Mwaka 2023 idara za usalama za Marekani zilitoa onyo rasmi juu ya mwenendo huu wa kuvuna leo ili kufungua kesho. Wahenga walisema kwamba za mwizi ni arobaini. Mwizi huyu anazijua arobaini zake, naye amekubali ziwe miaka badala ya siku.

Wala mwenendo huu si mpya. Tangu mwaka 1943 jeshi la Marekani lilianza kuzichunguza telegramu za siri za Urusi ya Kisovieti zilizonaswa wakati wa vita. Zilikuwa zimefungwa kwa ufundi mkubwa, na vita vilikwisha kabla hazijasomwa. Mwaka 1946 zilianza kufunguka kidogo kidogo, na kazi hiyo, iliyojulikana kwa jina la Venona, ikaendelea mpaka mwaka 1980. Umma uliambiwa habari zake mwaka 1995. Basi wako watu walioandika maneno yao wakiwa na hakika kwamba yamefungwa kabisa, yakaja kusomwa na wageni baada ya miaka mingi. Tofauti ni moja tu: zamani walionaswa walikuwa mabalozi na majasusi, leo ni kila mwenye simu.

Kosa latendeka siku gani?

Wako watakaosema: Kisichosomwa hakijafunuliwa, na kisichofunuliwa hakijamdhuru mtu. Tena, aliyechukua nakala hakumpunguzia mwenyewe kitu. Barua ilifika kama ilivyotumwa. Mbona mwaita wizi?

Twajibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni juu ya moyo. Bwana wetu, alipofundisha mlimani, hakungoja tendo la nje ndipo atambue dhambi. Alionyesha kwamba mtu aweza kuwa amezini moyoni kabla hajanyosha mkono. Aliyekihifadhi kijisanduku kwa miaka kumi kwa shabaha ya kukifungua ameifanya nia hiyo kila siku aliyokiacha pale darini. Kutokuwa na ufunguo si wema. Ni upungufu wa uwezo, na upungufu wa uwezo haujapata kumtakasa mtu. Mtakatifu Augustino alisimulia jinsi alivyoiba peasi pamoja na vijana wenzake, wala si kwa kuzila, maana nyingi zilitupwa kwa nguruwe. Hata hivyo hakujihesabia haki kwa kuwa hakushiba kwa wizi wake. Alijua kwamba ubaya ulikuwa katika kuchukua.

La pili ni juu ya kitu chenyewe kilichoibwa. Walimu wa maadili wa Kanisa hugawa siri katika aina tatu. Iko siri ya asili, yaani jambo ambalo kwa tabia yake lingemwumiza au kumwaibisha mtu kama lingejulikana. Iko siri ya ahadi, ambayo mtu aliijua kwanza, kisha akaahidi kuitunza. Na iko siri ya amana, ambayo mtu alifunuliwa kwa sababu tu ya cheo au kazi yake: mganga, mwanasheria, mshauri, padre. Katika zote tatu, mali ya mwenye siri si karatasi wala wino. Mali yake ni haki ya kuchagua nani ajue. Aliyechukua nakala ameondoka na haki hiyo, ijapokuwa karatasi imebaki. Tangu siku ile, atakayejua siri ya mgonjwa hachaguliwi tena na mgonjwa, bali na yule mwenye ghala. Mtaguso wenyewe, ulipozihesabu haki zinazomstahili kila binadamu, ulitaja pia haki ya kuhifadhiwa mambo yake ya binafsi. Haki hiyo haingoji kuvunjwa kwa kufuli ndipo ijeruhiwe.

La tatu ni juu ya wakati. Mwizi wa kawaida amdhuru mtu anayeweza kupiga yowe. Mwizi huyu apanda mbegu ya madhara ambayo hajui itamwotea nani. Fikirini habari za hospitali. Taarifa ya damu ya mama mwenye asili ya selimundu yasema jambo juu ya mtoto wake, na juu ya mjukuu wake ambaye hajazaliwa. Taarifa ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI yaweza kufunguliwa baada ya miaka 20, wakati yeye ni mzee anayeheshimiwa kijijini, au wakati binti yake yu katika kuposwa. Jina la mtu aliyetoa ushahidi dhidi ya wenye nguvu laweza kusomwa siku wenye nguvu hao watakaporudi madarakani. Mwenye kuhifadhi barua hizi hawezi kusema kwamba hakukusudia madhara hayo. Alikusudia yasijulikane mapema, akaacha mengine yote wazi.

Kwa hiyo twaonelea kwamba jibu la swali letu la kwanza ni dhahiri. Kosa lilitendeka siku ya kuchukua. Siku ya kufungua litakuwa kosa la pili, nalo ni kubwa zaidi. Lakini halitalifuta la kwanza, wala kutokufika kwake hakutalifuta. Na kama ilivyo katika kila wizi, toba ya kweli yadai urejesho. Nakala hairudishwi mkononi mwa mwenyewe kama ng'ombe aliyeibwa. Urejesho wake ni kuifuta isibaki popote. Asiyekubali kuifuta bado hajatubu, hata akipiga kifua chake mara mia.

Hoja ya serikali

Iko hoja nyingine yenye uzito, nasi hatutaki kuipita kwa haraka. Serikali imepewa na Mungu wajibu wa kulinda raia. Je, isizisome barua za wauaji, za wauza watoto, za wanaotaka kulipua masoko? Kazi ile ya Venona ndiyo iliyosaidia mwaka 1949 kumtambua Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyewapa Wasovieti habari za bomu la atomiki. Je, hilo nalo lilikuwa kosa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kugusa jambo hili. Alifundisha kwamba amana ya siri humfunga mtu kwa nguvu, lakini haimfungi anyamaze pale ambapo siri yenyewe ni hatari kwa umma au ni madhara makubwa kwa mtu mwingine. Siri ya kitubio tu ndiyo isiyo na mlango kabisa, kwa maana padre hakuijua kama binadamu bali kama mtumishi wa Mungu. Kwa hiyo hatusemi kwamba serikali haiwezi kamwe kufungua barua. Inaweza, kwa sababu nzito, kwa sheria iliyo wazi, juu ya mtu anayeshukiwa kwa haki, na chini ya macho ya hakimu awezaye kukataa.

Lakini tazameni jinsi masharti hayo yanavyopotea katika uvunaji tunaousema. Hapa hakuna mtu anayeshukiwa, kwa sababu zachukuliwa za wote. Hakuna sababu iliyotajwa, kwa sababu hakuna ajuaye kilichoandikwa. Na lililo kubwa kuliko yote, hakuna msomaji anayejulikana. Mtawala wa leo aweza kuwa mtu wa haki. Lakini ghala haisomwi leo. Itasomwa na yule atakayekuwa ameketi katika kiti hicho siku ufunguo utakapopatikana, na huyo hatumjui jina lake, wala chama chake, wala moyo wake. Hakimu gani aweza kutia sahihi ruhusa ya namna hiyo? Wazee wetu walisema kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mtego huu wategewa wasiokuwamo kwa kusudi kabisa, kwa matumaini kwamba miongoni mwao atapatikana mmoja aliyemo.

Je, maumbile yatatuokoa?

Wengine hutufariji kwa kusema kwamba elimu iliyoleta ugonjwa italeta na dawa. Neno hili lina ukweli, nalo lastahili kuelezwa vizuri, kwa maana ni la ajabu.

Chembe ya nuru yaweza kutumwa ikiwa imeelekezwa wima au mlalo, au kwa mshazari wa kulia au wa kushoto. Anayepima kwa kipimo cha wima na mlalo chembe iliyotumwa kwa mshazari hapati jibu la kweli. Tena aibadilisha, kwa maana baada ya kupimwa imekuwa ya wima au ya mlalo, na mshazari wake umepotea. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walieleza jinsi watu wawili wawezavyo kupatana ufunguo wa siri kwa njia ya chembe hizo. Mdukuzi akikaa katikati na kuzipima zote bila kujua zilivyoelekezwa, kisha kutuma nyingine badala yake, basi katika zile ambazo wawili wale wanazitumia, moja katika kila nne itatoka na kosa. Wakilinganisha sehemu ndogo tu, watajua kwamba wamedukuliwa, nao watautupa ufunguo huo kabla ya kuutumia. Wala mdukuzi hawezi kuchukua nakala akaiweka darini, kwa sababu mwaka 1982 ilikwisha kuthibitishwa na Wootters na Zurek, na pia na Dieks, kwamba hali ya kwantamu isiyojulikana haiwezi kunakiliwa kwa ukamilifu. Basi hili ndilo kufuli asilolipenda mwizi wetu mwenye saburi.

Na si maneno matupu. Mwaka 2016 Uchina ilirusha setilaiti iitwayo Micius kwa kazi hii. Mwezi wa Septemba 2017 wanachuoni waliokuwa Beijing na wenzao waliokuwa Vienna, waliotengana kwa kilomita 7,600, walizungumza kwa picha na sauti chini ya ulinzi wa funguo zilizopatikana kwa njia yake.

Lakini hapa ndipo twaomba msomaji atutegee sikio. Katika kazi ile, setilaiti yenyewe ilizijua funguo. Ilipatana ufunguo mmoja na Uchina na mwingine na Austria, kisha ikaunganisha. Hali kadhalika njia ya nyaya iliyojengwa kati ya Beijing na Shanghai, yenye urefu wa kilomita kama 2,000, haikuweza kupeleka chembe moja ya nuru mwendo wote huo, kwa kuwa nuru hupotea njiani. Kwa hiyo viliwekwa vituo, na katika kila kituo ufunguo watolewa katika hali ya kwantamu, wakaa kama maandishi ya kawaida, kisha watumwa mbele. Wataalamu wenyewe wameviita vituo hivyo vituo vya kuaminiwa. Hawakupata jina jingine. Baada ya hesabu zote na nuru yote, wamefika mahali ambapo hapana budi kusema: hapa yatupasa kumwamini mtu.

Mwaka 2010 tena, watafiti wa Norwei na Ujerumani walionyesha kwamba vyombo vya kupokelea chembe hizo, vilivyokuwa vikiuzwa wakati huo, viliweza kupofushwa kwa nuru kali, na mdukuzi akauchukua ufunguo wote pasipo kuacha alama. Sheria ya maumbile haikuvunjwa. Kilichoshindwa ni chombo kilichotengenezwa na binadamu. Watafiti hao waliwaarifu watengenezaji kabla ya kuitangaza habari hiyo, ili waweze kuziba ufa. Huo ndio uungwana katika elimu.

Basi kufuli jipya lalinda njia, halilindi nyumba zilizo kwenye ncha za njia. Kikulacho ki nguoni mwako. Bwana wetu hakusalitiwa na mtu aliyesikiliza dirishani. Alisalitiwa na mtu aliyeketi naye mezani, aliyejua mahali pa bustani kwa sababu alikuwa amekwenda huko pamoja naye mara nyingi. Hakuna chembe ya nuru ambayo ingetoa alama ya kosa hilo.

Twapenda pia kutahadharisha juu ya mahubiri mepesi. Wako wanaosema kwamba fizikia imethibitisha maadili, eti kwa kuwa chembe hubadilika ikipimwa, basi maumbile yenyewe yatufundisha kuheshimu siri. Sivyo. Chembe ya nuru haina haya wala heshima, na sheria za maumbile zingalikuwa nyingine, wizi ungalikuwa wizi vile vile. Twaweza kuutumia mfano, lakini tusiufanye kuwa hoja. Wajibu wa kutunza siri hautokani na ugumu wa kuivunja. Ungekuwa watokana na huo, basi siri za maskini, asiyeweza kununua kufuli jipya, zingekuwa halali kwa kila mtu.

Yatupasayo sisi

Msomaji ataona pengine kwamba mambo haya ni ya Beijing na Marekani. Lakini simu iliyo mkononi mwake hupitisha maneno yake katika nyaya zile zile, na habari zake zimeandikwa katika vitabu vya watu wengi: hospitali, shule, chama cha akiba na mikopo, kampuni ya simu, na ofisi ya parokia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 16, yakiri haki ya mtu kuhifadhiwa nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake ya binafsi. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo ni njema. Lakini sheria huanza kusema baada ya mtu kushtaki, na katika wizi huu aliyeibwa hajui kwamba ameibwa. Kwa hiyo mzigo mkubwa wabaki juu ya dhamiri.

Kwanza, wenye kushika siri za watu wasikusanye wasiyoyahitaji. Habari isiyoandikwa haiwezi kuvunwa na mtu. Kila karani anayetaka kuuliza jambo katika fomu ajiulize kwanza: Kwa nini nataka kulijua? Na habari iliyokwisha kazi yake, kama sheria haiagizi itunzwe, ifutwe.

Pili, wenye mamlaka wabadilishe makufuli mapema. Mwezi wa Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya makufuli ya hesabu yaliyobuniwa ili kuihimili kompyuta ya kwantamu. Haya hayahitaji setilaiti wala nuru. Yaweza kuwekwa katika kompyuta tulizo nazo. Lakini kufuli jipya halirudi nyuma kuziokoa barua zilizokwisha kuchukuliwa. Kila mwaka wa kuchelewa ni mwaka mmoja zaidi wa barua katika dari la mwizi. Msimamizi wa hospitali anayesema kwamba hatari ni ya miaka ijayo hajaelewa: hatari ya kusomwa ni ya miaka ijayo, hatari ya kuchukuliwa ni ya leo.

Tatu, twasema na vijana wetu Wakristo wanaofanya kazi katika kampuni za simu na za kompyuta. Nanyi ni vituo vya kuaminiwa. Huenda mkaambiwa na wakubwa wenu mchukue nakala za mawasiliano ya watu wote pasipo amri ya hakimu, na mkaambiwa kwamba si kitu, maana hakuna awezaye kuzisoma. Mmekwisha kuona kwamba maneno hayo si udhuru. Anayeshika ngazi wakati mwizi akipanda darini ni mshiriki wake, hata kama chumba ni giza.

Nne, na hili ni la sisi sote, tusiwashutumu wakubwa wa dunia kwa jambo tunalolifanya nyumbani. Mume anayeshika simu ya mkewe usiku, akapiga picha ya maneno asiyoelewa ili ayatafutie maana baadaye. Rafiki anayehifadhi barua za rafiki yake, si kwa upendo bali kwa siku watakapogombana. Mwanachama wa kamati anayenasa sauti za wenzake, asubiri uchaguzi: hawa wote wamekwisha kujenga ghala. Hawana kompyuta ya kwantamu, lakini wana saburi ile ile. Saburi ni tunda la Roho Mtakatifu pale inapovumilia maovu kwa ajili ya upendo. Inapoyangojea maovu ili yawafae wenyewe, ni kitu kingine kabisa.

Kanisa lina urithi katika jambo hili. Lamheshimu Mtakatifu Yohane Nepomuk, padre wa Praha aliyeuawa mwaka 1393 kwa kutupwa mtoni, ambaye mapokeo yasema kwamba alikataa kumfunulia mfalme kitubio cha malkia. Mfalme alikuwa na jeshi, magereza na mito. Lakini siri ilikuwa imekaa mahali ambapo haikuweza kuchukuliwa bila ya mwenyewe kuitoa, naye hakuitoa. Hakuna nakala iliyobaki popote.

Mashine inayongojewa yaweza kuja mwaka kesho kutwa, au baada ya miaka 20. Siku itakapofungua yaliyofungwa, haitaleta hukumu mpya juu ya waliokusanya. Itaonyesha tu waziwazi yale waliyokwisha kuwa tangu zamani. Yuko mmoja aliyejua yaliyomo katika kila barua tangu ilipoandikwa, naye hakuhitaji kuiba hata moja. Atakapouliza hesabu ya amana, hatamwuliza mtu kwanza kama alifaulu kusoma. Atamwuliza: Ilikuwa ya nani, na ilikuwa inafanya nini nyumbani mwako?